Umehamia nyumba mpya Moshi au Arusha? Mwongozo kamili wa kupanga uwanja wa nyuma bila kufukua mara mbili

Kila masika ikiisha watu waliohamia karibuni wananiuliza mambo yaleyale, wengine wako Njiro, wengine Usa River, wengine Pasua na Kiboriloni kule Moshi. Mparachichi umekauka, ukoka umeoza, maji yameingia jikoni, fundi kaja kutafuta paipu inayovuja kapasua bustani yote. Ukiwauliza walianzaje, karibu wote walianza na miche. Walipita barabarani wakaona miche mizuri wakanunua, wakafika nyumbani wakachimba pale palipoonekana wazi.

Uwanja wa nyuma unapangwa kuanzia kwenye maji. Ukishajua maji yanatoka wapi na yanaenda wapi, vitu vya saruji vinapata sehemu yake, kisha miti, kisha mboga, ukoka unakuja mwisho kabisa. Ukifuata mpangilio huo hutafukua mara mbili, na hata kama hela ni kidogo utaenda nao taratibu mwaka mzima bila kupoteza kitu.

## Andaa hivi kwanza

Vingi unavyo nyumbani au jirani anavyo, usikimbilie kununua.

- Futi kamba ya mita 30, ile ndogo ya mita 5 itakuchosha
- Kamba ya fundi na vigingi kama ishirini, hata vya miti
- Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mita 10 hivi, wa kupimia usawa wa ardhi
- Jembe, sururu, sepeto, reki na toroli
- Daftari la mistari ya mraba, penseli na ufutio (peni usitumie, utabadilisha sana)
- Chupa ya plastiki ya lita moja na sabuni ya unga kidogo kwa ajili ya kupima udongo
- Viroba vya kukusanyia kifusi
- Samadi iliyoiva, ila hii usiilete mpaka ufike hatua ya miti, ukiileta mapema mvua inaosha virutubisho vyote unabaki na majani makavu
- Simu yenye kamera

Gumboot nazo tafuta kabla ya masika. Kazi moja muhimu kuliko zote utaifanya mvua ikiwa inanyesha.

## Hatua ya 1: Wiki ya kwanza usichimbe chochote, ijue nyumba yako

Najua hamu ya kushika jembe inavyokuwa ukishapata kwako. Subiri. Chini ya huo uwanja kuna paipu za maji safi, paipu za maji taka, chemba, shimo la choo, shimo la kunyonyea (lile linalopitisha maji taka yaingie ardhini) na pengine waya wa umeme wa taa za nje, na ukiivunja paipu ya maji taka kwa sururu utakaa na harufu wiki nzima.

Tafuta vitu hivi na kila kimoja kipige picha ukisimama mbali kidogo, ili ukuta au dirisha lionekane na ujue ni wapi:

1. Mita ya maji na valvu ya kufungia maji yote. Ifunge uone kama inafunga kweli, nyingi zimekwama na utakuja kugundua siku paipu imepasuka usiku.
2. Swichi kuu ya umeme na mahali waya wa kutoka kwenye nguzo unapoingilia ndani.
3. Mifuniko yote ya chemba. Mwingine umefukiwa na mchanga, kwa hiyo fuata mstari kutoka choo na jiko kwenda nje, gonga ardhi kwa chuma taratibu, pale panapolia tofauti fukua kidogo.
4. Shimo la choo na shimo la kunyonyea. Muulize aliyekuuzia au fundi aliyejenga. Kama hawapatikani angalia wakati wa kiangazi, sehemu ambayo majani yanabaki ya kijani huku kwingine kumekauka mara nyingi ndiyo hiyo.

Kama umepanga hujanunua, hatua hii ni yako pia, halafu ongea na mwenye nyumba kabla ya kupanda mti wowote wa kudumu. Mboga na mipapai hawakatai wengi, ila mti mkubwa apewe taarifa.

Utajua umemaliza hatua hii pale ambapo mtu akikuuliza "maji yakipasuka sasa hivi unafunga wapi" unampeleka bila kufikiri, na kwenye daftari una mchoro hata mbaya wa paipu zinavyopita.

## Hatua ya 2: Mipaka na majirani

Tafuta bikoni zote (zile alama za mpaka walizoweka wapima ardhi) za kiwanja chako kabla hujapanda chochote karibu na mpaka. Kama eneo halijapimwa mipaka inajulikana kwa mazungumzo na alama, kwa hiyo pita kwa majirani wa pande zote na mjumbe wenu, salimia, jitambulishe, kisha uliza mpaka unapita wapi. Usianze na mpaka, anza na salamu. Ukimkuta mzee au mama wa makamo mpe shikamoo yake ukae hata dakika kumi, hao ndio wanajua maji ya masika yalipita wapi mwaka ule mbaya, na taarifa hiyo hakuna fundi atakupa.

Uchagani ongeza uangalifu kwenye masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani. Ukikuta mstari wa masale kwenye kiwanja usiung'oe kwa sababu eti yanaziba. Masale yanapandwa kuonyesha mpaka, na sehemu nyingine yanaonyesha kaburi. Uliza kwanza, na ukiambiwa ni mpaka yaache, ni uzio mzuri tu na hayasumbui.

Kubalianeni na jirani mapema kuhusu vitu viwili: miti ya karibu na ukuta na maji ya mvua. Majani ya mparachichi wako yatajaza gata zake na maji ya paa lako yataingia uani kwake, bora mlijadili mkiwa mnacheka.

## Hatua ya 3: Chora uwanja, weka mlima, jua na upepo

Pima urefu na upana, pima umbali kutoka kona za nyumba mpaka ukutani, chora. Mraba mmoja wa daftari uwe nusu mita, inatosha. Weka nyumba, chemba, shimo, tanki, geti, miti iliyopo na nguzo ya umeme.

Mwelekeo hauhitaji dira huku kwetu. Ukiwa Moshi mjini Kilimanjaro iko kaskazini, ukiwa Arusha mjini Meru iko kaskazini. Chora mshale wa mlima juu ya karatasi. Mshale huo unakuambia pia maji, maana kwa ujumla ardhi inashuka kutoka mlimani kwenda kusini, na maji ya mvua yanayokuja kwako mengi yatatokea upande wa mlima. Kiwanja chako kinaweza kuwa na mteremko wake tofauti kwa hiyo tutapima, ila anza na hilo.

Jua huku linapita karibu utosini mwaka mzima, Juni na Julai linaegemea kaskazini kidogo, Desemba na Januari linaegemea kusini. Kwa hiyo kinachokutesa ni mashariki na magharibi. Ukuta wa magharibi ndio unaochemsha chumba jioni, hasa Moshi. Mboga weka mahali panapopata jua la asubuhi mpaka saa sita au saa saba hivi, kivuli kikija mchana wa jua kali ni faida. Siku moja ya mapumziko zunguka uwanjani saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi jioni, chora kivuli kimefika wapi.

Upepo uangalie kwa moshi. Washa majani kidogo jioni au tazama moshi wa jiko la jirani. Usije ukaweka banda la kuku upande upepo unakotokea halafu harufu yote ikaja sebuleni.

Na usisahau urefu kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini ni mita 800 hivi na Arusha mjini inakaribia 1,400. Maana yake mwembe na bamia vitafurahi Moshi, Arusha vitajikokota, na Julai ya Arusha mche wa mpapai unasimama tu haukui. Usichukue ushauri wa mtu wa Moshi ukaupeleka Sakina bila kufikiri.

## Hatua ya 4: Maji ya mvua, hapa ndipo wengi wanapoanguka

Hatua hii usiiruke hata kama unajenga kidogo kidogo. Masika inaanza Machi mpaka Mei, vuli inakuja kati ya Oktoba na Desemba. Ukihamia kati ya Juni na Septemba una bahati, una muda wa kutosha kujiandaa.

Ona maji kwa macho. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha vaa gumboot toka nje na simu. Piga video: maji yanaingia kiwanjani wapi, yanasimama wapi, yanatoka wapi, gata ipi inamwaga. Mvua ikikatika hesabu muda, dimbwi lililobaki baada ya masaa matatu lichore kwenye ramani. Kama ni kiangazi na huwezi kusubiri angalia mstari wa tope chini ya ukuta, sehemu udongo umeliwa, na mchanga mwembamba uliolala mahali pamoja. Hizo ndizo alama za maji.

Pima mteremko. Jaza maji kwenye ule mpira mwembamba, hakikisha hakuna mapovu ndani. Mtu mmoja ashike mwisho mmoja kwenye kigingi karibu na nyumba, mwingine aende na mwisho wa pili kwenye kigingi cha mbali. Maji yakitulia yanakuwa usawa mmoja pande zote mbili, weka alama, halafu pima kutoka alama mpaka chini kwa kila kigingi. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mteremko.

Ardhi inatakiwa ishuke kutoka ukuta wa nyumba, kama sentimita 5 kwa kila mita moja, kwa mita 3 za kwanza. Yaani ukifika mita 3 ardhi iko chini kwa sentimita 15. Kama kwako inashuka kuja nyumbani, acha mengine yote, rekebisha hiyo kwanza kwa kujaza udongo na kushindilia. Ukijaza usizidi usawa wa msingi, udongo ukigusa ukuta juu ya msingi unyevu unapanda na rangi itabanduka kila mwaka.

Chimba mtaro upande wa mlima. Maji yanayotoka kwa wa juu yakutane na mtaro kabla hayajafika nyumbani. Kina cha sentimita 30 mpaka 40 kinatosha viwanja vingi, upana wa sepeto, mteremko mdogo usiokatika, unazunguka nyumba na kutoka upande wa chini. Ukiacha udongo mtupu utajifukia masika moja tu, weka mawe au kokoto, au panda mabingobingo au mchaichai kwenye kingo.

Ukuta wa uzio wa upande wa chini uachiwe matundu. Ukuta usio na matundu ya maji chini unageuka bwawa, maji yanajaa nyuma yake, udongo unalainika na ukuta unalala. Kuta nyingi zinazoanguka masika zinaanguka hivyo. Tundu moja kila mita 2 au 3, lenye wavu wa kuzuia panya. Lakini maji yako yaelekee mtaro wa barabara au njia ya maji iliyopo, usimmiminie jirani. Kama hakuna pa kuyapeleka ongea na ofisi ya mtaa kabla ya mvua.

Maji ya paa usiyapeleke kwenye shimo la choo. Nasema hili kwa uzito. Watu wanaunganisha gata na chemba kwa sababu iko karibu, shimo linajaa kwa mvua chache, choo kinarudisha, halafu lawama zinaenda kwa fundi. Shimo la choo lipokee maji taka ya nyumba tu.

Maji ya paa yavune. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 2,000, ukitoa yanayopotea unabaki na kama 1,600 au zaidi, kwa mvua moja. Simtanki iwe na msingi imara kwelikweli kwa sababu lita 1,000 ni tani nzima, matofali yaliyopangwa juu ya udongo mlaini hayabebi. Maji ya dakika za mwanzo yamwage, yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Paipu ya kutolea maji tanki likijaa ielekeze kwenye migomba, isidondokee msingi.

Kwa wa Arusha na Meru kuna sababu nyingine ya kuvuna. Maji ya visima maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi ya asili, ndiyo inayoacha meno ya kahawia kwa watoto, na ikizidi sana kwa miaka mingi inaharibu mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaiongeza ukali kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Maji ya mvua karibu hayana kabisa, kwa hiyo yatenge kwa kunywa na kupikia, hayo ndiyo uyachemshe kwa ajili ya vijidudu, na ya kisima yabaki kwa kufua na kuoga. Kama una mtoto wa chini ya miaka minane ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, tafadhali hili lisisubiri.

Tanki liwe na mfuniko unaobana. Mbu anatoka yai mpaka kuruka kwa siku kama 7 hadi 10 kwenye joto, kwa hiyo ndoo na madumu ya wazi yamwage kila wiki.

Mvua kubwa ikikatika na baada ya saa moja unatembea kuzunguka nyumba bila maji kusimama karibu na msingi, basi kazi ngumu kuliko zote umeimaliza.

## Hatua ya 5: Toa kifusi, pima udongo

Nyumba ikishajengwa uwanja wa nyuma unabaki na siri. Kuna sehemu walipokorogea zege, sehemu walipomwaga chokaa na maji ya rangi, misumari, vipande vya mabati, mifuko ya sementi iliyofukiwa. Mche ukipandwa palipokorogwa zege unakaa mwaka mzima majani ya njano, maana chini ni pagumu mizizi haipiti na chokaa imebadilisha udongo. Unaweza kumwagilia mpaka uchoke.

Pita na sururu kila baada ya mita moja, piga. Inapogonga na kurudi, fukua uone. Tabaka la zege toa lote, kifusi cha mawe na matofali tunza kitafaa kwenye njia na chini ya tanki. Misumari na vioo kusanya kwa mkono ukiwa umevaa glavu, watoto watacheza hapo.

Sasa pima udongo. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20, jaza chupa theluthi moja, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa sana, weka mahali isiguswe. Mchanga unatua ndani ya dakika chache, udongo wa kati unafuata baada ya masaa, mfinyanzi unatua kesho yake au zaidi. Ukiona tabaka la juu la mfinyanzi limechukua nusu ya udongo wote una ardhi inayoshika maji.

Pima na unywaji. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji yaishe, jaza tena, pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka sentimita 2 mpaka 5 kwa saa uko salama. Yakikaa mpaka kesho una mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Sehemu za tambarare chini ya miji yote miwili unao. Mbuga haiharibu ndoto yako, ila miti utaipanda kwenye vichuguu vilivyoinuliwa sentimita 40 hivi, na kitu chochote cha saruji kitahitaji moramu (udongo mgumu wa changarawe) chini yake kwanza, maana mbuga inavimba na kusinyaa na itapasua karo lako.

## Hatua ya 6: Gawa uwanja kwa kazi, siyo kwa urembo

Rudi kwenye karatasi. Andika kazi ambazo uwanja lazima ufanye hata kama ni mdogo: kufua na kuanika, kupikia nje, taka, watoto kucheza, mboga, kuku kama utafuga, na wageni.

Wageni huwa wanasahaulika. Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, kuna kipaimara, ubatizo, mahari, na msiba hauombi ruhusa. Utahitaji mahali pa kusimamisha turubai, kuweka masufuria makubwa na watu kukaa, kwa hiyo acha eneo moja la wazi lisilo na mti katikati, hata mita 5 kwa 6, karibu na mlango wa jikoni na bomba la nje. Siku za kawaida ni uwanja wa watoto.

Karo la kufulia liwe karibu na bomba na kamba ya nguo, na kamba ipate jua la kutosha ila isiwe upande wa moshi wa jiko la nje. Jiko la nje liwe na paa na liwe mbali na dirisha la chumba cha kulala. Banda la kuku liwe kona ya chini upepo unakoelekea, kuku wakubwa wa kienyeji wanne au watano kwa mita moja ya mraba, wakizidi hapo wanadonoana na kuugua.

Maji ya karo na bafu yanaweza kwenda kwenye migomba badala ya kujaza shimo, mradi maji ya choo hayahusiki kabisa. Chimba mtaro mfupi, jaza majani makavu na vipande vya miti, maji yaingie humo yanywewe na migomba pembeni. Usiyahifadhi zaidi ya siku moja yananuka, na usiyamwagilie mboga, hasa zinazoliwa mbichi. Siku unayotumia dawa ya kung'arisha nguo au ya kusafishia choo, hayo maji yaende kwenye shimo.

Weka vigingi na kamba kuonyesha kila eneo, kisha ishi hivyo wiki mbili. Beba ndoo ya nguo kutoka karo mpaka kamba. Toa taka. Kama unajikuta unaruka kamba kila siku sehemu ileile, hapo ndipo njia inapotakiwa kupita, hamisha kigingi. Wenye nyumba wengi wanabadilisha nusu ya mpango kwenye wiki hizo, na kubadilisha kigingi ni bure.

## Hatua ya 7: Vya saruji vitangulie

Karo, msingi wa tanki, njia, jiko la nje, banda. Vyote kabla ya mche wowote, kwa sababu toroli, mchanga na mafundi watakanyaga kila kitu. Kila njia inayopita juu, pitisha chini yake paipu tupu ya inchi 2 kabla hujamwaga zege, siku ukitaka kupeleka maji au waya upande wa pili huvunji kitu. Mifuniko ya chemba usiifukie wala kuijengea juu.

## Hatua ya 8: Miti

Sasa ndiyo nunua miche, mwanzoni mwa mvua. Masika ni nzuri zaidi, vuli inafaa kama una maji ya kumwagilia Januari na Februari.

Umbali kwanza. Mparachichi uwe mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba na shimo, na mita 7 mpaka 8 kati ya mti na mti. Kati ya mpapai na mpapai mita 2 na nusu, mgomba na mgomba mita 3. Mkaratusi na mkuyu usipande kabisa kwenye kiwanja cha mjini, mizizi yake inafuata maji na itaingia kwenye paipu. Chini ya waya wa umeme panda vifupi tu.

Ukitaka mfano wa kupanga angalia kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) cha zamani: mti mrefu juu, migomba chini yake, kahawa, halafu mboga na magimbi chini kabisa. Kila kimoja kinakula jua lake. Kwenye uwanja mdogo unaweza kufanya hivyo kwa mparachichi mmoja, migomba mitatu minne na mboga za kivuli, ila mti mrefu uwe upande wa magharibi ili ukupe kivuli cha jioni.

Kwa mparachichi nunua mche uliounganishwa, yaani kikonyo cha aina inayojulikana kimebandikwa kwenye shina la mche mwingine, unaanza kuzaa miaka 3 mpaka 4, wa mbegu unasubiri zaidi na hujui utazaa nini. Tafuta kwenye vitalu vinavyojulikana, Tengeru kuna kituo cha utafiti wa mazao ya bustani na vitalu vingi vinavyozunguka, uliza aina inayofaa urefu wa eneo lako. Angalia kiungo kimeshikana na mizizi haijajizungusha chini ya kiriba (ule mfuko wa plastiki wa mche).

Chimba shimo sentimita 60 kila upande na kina 60. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini weka kulia. Changanya wa juu na debe moja au mbili za samadi iliyoiva, rudisha, acha itulie wiki mbili. Samadi iliyoiva hainuki na ukiingiza mkono haina joto, mbichi inaunguza mizizi, ya kuku ndiyo mbaya zaidi, iache miezi 2 au 3. Panda mche usawa uleule uliokuwa kwenye kiriba, kiungo kibaki juu ya udongo. Weka matandazo lakini yasiguse shina.

Mparachichi unakufa kwa maji kuliko kwa kiu. Maji yakituama mizizi inaoza, majani yanalegea kana kwamba una kiu, mtu anaongeza maji, anaumalizia. Ukiona majani yamelegea chimba kidogo kwa kidole kwanza. Udongo ukiwa na unyevu, acha kumwagilia na fungua njia ya maji.

Migomba chukua chipukizi kwenye shina lenye afya, mshare kwa kupika, kisukari kama eneo halina ugonjwa wa mnyauko. Shina lenye majani yanayogeuka njano kuanzia pembeni usichukue hata kama ni zawadi, ugonjwa unabaki kwenye udongo miaka mingi. Kila shina acha mama, mtoto na mjukuu, vingine vitoe.

Wiki sita baada ya kupanda ukiona jani jipya limefunguka kikamilifu, mche umeshika.

## Hatua ya 9: Mboga

Tuta upana usizidi mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, njia sentimita 40 au 50. Usikanyage tuta. Masika inua tuta sentimita 20 maji yapite pembeni, kiangazi fanya kinyume, tuta lizame kidogo maji yabaki.

Anza na matuta mawili tu. Mchicha na mnafu kwanza, maana mchicha unachuma ndani ya wiki 3 au 4 na unapata moyo. Sukuma wiki na figiri vifuate, sukuma ipe sentimita 45 kati ya mche na mche, ukibana unapata majani madogo. Nyanya usipande masika kama huna muda wa kupiga dawa, ukungu unazimaliza ndani ya siku chache, subiri mvua ikatike. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, siyo juu ya majani.

Kama kuku wanatembea huru zungushia wavu kabla ya kusia mbegu.

## Hatua ya 10: Ukoka

Mwisho kabisa, mwanzo wa mvua, baada ya kusawazisha kwa reki na kutoa mawe. Panda vipande kila sentimita 15, kanyagia. Kwenye kivuli kizito ukoka wa kawaida hautaki, weka kokoto tu. Usikanyagwe wiki nne.

## Baada ya masika ya kwanza

Mwezi Juni ardhi ikianza kukauka zunguka tena na ile ramani. Angalia mtaro umejaa tope wapi, ukazoe. Angalia udongo umeshuka kando ya msingi na juu ya paipu, ongeza na ushindilie. Fungua chemba moja moja uone kama kuna mizizi imeingia, safisha gata, osha tanki kabla ya vuli. Halafu chukua penseli urekebishe ramani, uandike tarehe, uipige picha na umtumie mtu mwingine wa nyumbani, ili siku haupo na paipu ikapasuka naye ajue pa kufunga.